Balbu Tupu, Ukumbi Mzima

Ukumbi wa harusi wa Mafinga una kuta, dari, sakafu, mapambo na wageni waliovaa sare. Kwa mwalikwa, hivyo ni vitu vya kutazama. Kwa mpiga picha anayefanya kazi na flashi ya balbu tupu, kila kimoja ni chombo cha kazi: kitapokea mwanga, kitaurudisha, kitaubadilisha rangi au kitaumeza. Makala haya ni ya kumsifu mpiga picha huyo, kwa sababu ufundi wake ni mkubwa na wengi wetu tunaupita bila kuuona. Tunaipenda picha, tunaibandika ukutani, na hatujiulizi ni kwa nini shangazi aliyekaa meza ya tatu nyuma ya maharusi naye anaonekana vizuri, tabasamu lake limekamilika.

Flashi ya balbu tupu ni taa iliyovuliwa kila kitu. Kikombe cha kuakisi kilichokuwa nyuma ya balbu kimeondolewa. Hakuna mwavuli, hakuna softiboksi (sanduku la kitambaa linalovishwa taa), hakuna plastiki ya kulainisha mwanga. Kinachobaki ni bomba jembamba la kioo lililopindwa, limechomoza juu ya stendi, pengine na kifuniko cha kioo cha kulikinga lisivunjike. Ndani ya bomba mna gesi ya zenoni, na kwenye mwili wa taa mna kapasita iliyokusanya umeme wa mamia ya volti. Mpiga picha akibonyeza, umeme ule unapita kwenye gesi kwa mkupuo mmoja, gesi inawaka nyeupe, na kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho kazi imekwisha. Mwanga wake hauna mbele wala nyuma. Unakwenda pande zote, kama ule wa karabai iliyotundikwa katikati ya uwanja wa ngoma, na kila aliyekuja anapata fungu lake.

Ili kuelewa kwa nini mtu aivue taa yake namna hiyo, tazama kwanza picha zinazopigwa kwa njia ya kawaida. Flashi ikikaa juu ya kamera na kuelekezwa mbele, uso unakuwa bapa, paji la uso linang'aa, na nyuma ya kichwa kunaganda kivuli cheusi ukutani. Ukumbi uliopambwa kwa michango ya ukoo mzima unageuka pango. Softiboksi ni muungwana zaidi: ni pana, mwanga wake ni laini, na katika studio ya picha za pasipoti, mbele ya kitambaa cha buluu, hakuna kinachoishinda. Lakini softiboksi huangalia upande mmoja. Anayesimama mbele yake anapendeza, na aliye nje ya njia yake anabaki gizani. Studio inataka hivyo hasa, kwa kuwa kazi ya studio ni kumtenga mtu na mahali alipo. Harusi ni kinyume chake. Watu wamesafiri kutoka Makambako, Njombe na Dar es Salaam ili waonekane kuwa walikuwepo.

Hapo ndipo balbu tupu inapopata kazi, na hapo ndipo ugumu wake unapoanza. Sheria ya kwanza ambayo fundi hawezi kuikwepa ni ya umbali. Mwanga ukitoka kwenye chanzo kidogo, nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali. Anayesimama mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 1. Wa mita 4 hupata sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo, kama balbu ingekuwa peke yake ulimwenguni, bibi harusi aliye karibu nayo angeungua kwa weupe huku wazazi wake nyuma wakizama. Kinachookoa picha ni ukumbi wenyewe. Mwanga uliokwenda juu unagonga dari na kurudi. Uliokwenda pembeni unagonga kuta na kurudi. Dari na kuta, zikiwa nyeupe, zinakuwa taa kubwa kuliko softiboksi yoyote iliyowahi kutengenezwa, na kwa kuwa ni pana na ziko mbali kidogo na kila mtu, haziwabagui wa mbele na wa nyuma. Picha moja inakuwa na mianga miwili: ule wa moja kwa moja, mkali, unaochonga pua na shavu, na ule wa kurudi, mpana, unaoingia ndani ya vivuli na kuvifungua.

Uwiano wa mianga hiyo miwili ndio ufundi wote. Softiboksi ina ukubwa uleule uiweke popote. Balbu tupu haina tabia yake peke yake. Inakopa tabia ya chumba. Isogeze karibu na kona nyeupe, na kuta mbili pamoja na dari zitarudisha mwanga kwa wingi hadi vivuli vikaribie kufutika. Ipeleke katikati ya ukumbi mpana wenye dari ya juu, na mwanga mkali utatawala, vivuli vitakuwa na kingo kama zilizokatwa kwa wembe. Iinue, ishushe, isogeze hatua moja, na picha inakuwa nyingine. Mpiga picha hawezi kuielekeza, maana haina upande. Anachoweza ni kuiweka mahali, na kwa hiyo kila uamuzi wake ni uamuzi juu ya mahali.

Mafinga ni shule ngumu kwa kazi hii. Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, na umezungukwa na misindano na mikaratusi. Jirani ni Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Kwa hiyo mbao haikosekani, na inaingia kwenye kumbi: dari za mbao za misindano, milango, majukwaa. Mbao mpya ya msindano ni ya manjano hafifu. Ikikaa miaka inaelekea rangi ya asali. Mwanga mweupe ukigonga dari ya namna hiyo unarudi ukiwa umebeba rangi yake, na shela jeupe linaanza kuonekana kama limepikwa kwenye siagi. Kuna kuta za matofali ya kuchoma zisizopigwa lipu, zinazorudisha mwanga kidogo na wenye wekundu. Kuna kuta zilizopakwa kijani hadi kiunoni. Kisha wanakuja wapambaji na mapazia yao ya satini: zambarau, bluu iliyokolea, nyekundu ya damu ya mzee. Pazia jeusi humeza mwanga, la zambarau humeza sehemu na kuitupa iliyobaki kwenye mashavu ya watu. Ukumbi wenye dari nyeupe ya jipsamu ni zawadi, na fundi akiukuta hushukuru.

Nimemtazama fundi mmoja wa mjini hapa akiingia ukumbini mchana, wapambaji wakiwa bado juu ya ngazi. Hakuanza na kamera. Alizunguka pembeni mwa kuta taratibu, akaangalia dari, akaangalia milango ya vioo na mahali meza ya keki itakapokaa. Kisha alimsimamisha msaidizi wake pale watakapoketi maharusi, akapiga picha kadhaa, kila moja taa ikiwa mahali pengine, na katika kila picha alitazama vitu vitatu: kivuli kilicho chini ya kidevu, ukuta ulio nyuma, na weupe wa shati la kijana yule.

"Dogo, irudishe stendi. Ukuta huo unakula mwanga."

"Kaka, nikirudi zaidi nitagusa pazia."

"Basi iinue."

Halafu alimwendea mama aliyesimamia mapambo, akamsalimu kabla ya lolote.

"Shikamoo, mama. Naomba hili pazia la zambarau lisifike mpaka pale kwenye kona."

"Marahaba, mwanangu. Na bibi harusi akitaka lifike?"

"Lifike tu, mama, ila kile kipande cha konani kiwe cheupe."

Mama akakubali. Usiku wa sherehe, hakuna mgeni aliyejua kwamba kona ile nyeupe ndiyo iliyokuwa ikiwaangaza wageni nusu ya ukumbi. Taa ilisimama mbele yake juu ya stendi ndefu, bomba tupu juu ya vichwa vya watu, nje ya fremu.

Uzuri mwingine wa kazi hii unaonekana kwenye ngozi zetu. Ngozi nyeusi haielezi umbo lake kwa vivuli peke yake. Huleta umbo zaidi kwa mng'ao: ule mstari unaopita juu ya mfupa wa shavu, ukingo wa taya, ncha ya pua, bega lililopakwa mafuta. Ukubwa wa mng'ao hufuata ukubwa wa chanzo. Balbu ndogo huacha nukta ndogo kali, yenye uhai, kama ile inayokaa ndani ya jicho. Ukuta mweupe huacha mng'ao mpana uliotulia. Taa moja iliyo tupu ndani ya chumba kizuri hutoa yote mawili kwa pigo moja, na uso mweusi unapata kina ambacho flashi ya kamerani haikupata kuuonyesha. Fundi asiyejua hili huongeza mwanga hadi ngozi igeuke kijivu, akidhani anaiangaza. Anayejua huiacha ngozi ibaki na weusi wake, kisha hutafuta ni uso gani wa chumba uakisiwe juu ya shavu.

Lipo pia tatizo la zamani la gauni jeupe na suti nyeusi kukaa bega kwa bega. Taa yenye softiboksi unaweza kuigeuza kidogo ili gauni lipate mwanga wa pembeni tu. Balbu tupu haigeuziki. Kwa hiyo fundi hurudi kwenye sheria ya umbali na kuifanya imtumikie. Huinua taa juu ya usawa wa vichwa, karibu kiasi cha mita 1 kutoka kwenye nyuso. Gauni linaposhuka kuelekea sakafuni linazidi kuwa mbali na taa, na pale ambapo umbali umefika mita 2, mwanga wa moja kwa moja umebaki robo. Nyuso zinang'aa, lesi ya gauni inabaki na nyuzi zake, na hakuna mtu atakayeona hila iliyotumika. Kwa wanandoa warefu huinua stendi zaidi. Bibi mzee akiletwa kwenye kiti cha mbele kupiga picha na maharusi, huishusha tena, kwa sababu bibi ameketi na haki yake ya mwanga ni ileile.

Historia ya flashi yenyewe inathibitisha kuwa chumba ni nusu ya taa. Mwaka 1887, Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa magnesiamu uliochanganywa na kemikali za kuuwasha haraka. Unga huo ulilipuka kwa mwanga mkali na moshi mwingi. Muda mfupi baadaye Jacob Riis, mwandishi wa habari aliyehamia Marekani kutoka Denmark, aliubeba hadi kwenye vyumba vya maskini vya New York na kuuwasha juu ya kikaango. Vyumba vilikuwa vidogo, kuta zilikuwa karibu, na mwanga ulirudi. Picha zile, zilizoingia kwenye kitabu chake cha mwaka 1890, zilionyesha watu pamoja na vitanda vyao, masufuria yao na kuta zilizobanduka. Zilikuwa na nguvu kwa sababu mahali palionekana.

Hapa kwetu, mwaka 1903 na 1904, Mjerumani Carl Georg Schillings alipeleka flashi ya unga kwenye nyika za kaskazini, nchi ikiwa bado Afrika Mashariki ya Kijerumani. Usiku alitega kamera mahali wanyama walipopita kwenda kunywa maji, na pale alipofunga mnyama hai kuwa chambo cha simba. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1905 na kikapata wasomaji wengi Ulaya. Katika nyika hakukuwa na ukuta wa kurudisha chochote. Mnyama aliye mbele ametokea wazi, na nyuma yake dunia imekwisha. Riis na Schillings wote walichoma unga. Tofauti ilikuwa kilichouzunguka.

Baada ya unga zilikuja balbu za kioo zilizofungiwa karatasi nyembamba ya alumini na oksijeni, zilizoingia sokoni Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920. Kila balbu iliwaka mara moja tu na kutupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini Marekani alionyesha njia ya kuwasha gesi ndani ya bomba kwa umeme, tena na tena, na ndiyo mama wa flashi tulizo nazo. Kwa miaka mingi balbu tupu ilikuwa mali ya wapiga picha wa nchi tajiri, waliobeba betri nzito begani. Mwaka 2017 kampuni ya Godox ya Shenzhen, China, ilipotoa taa ya AD200, yenye nguvu ya juli 200, betri yake ndani na kichwa cha balbu tupu cha kubadilisha, chombo kilipungua hadi kuenea mkononi. Taa za namna hiyo zikaweza kusafiri kwa basi na boda, na kufika kwenye harusi ya kijijini kusikokuwa na umeme wa kutegemea.

Lakini chombo kuwa chepesi hakukuifanya kazi iwe nyepesi. Ukiondoa kikombe cha kuakisi unapoteza nguvu, mara nyingi stopu mbili au zaidi (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu), kwa kuwa mwanga uliokuwa umekusanywa kwenda mbele sasa umetawanywa. Fundi analipa pengo hilo kwa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kufungua lenzi au kukubali taa ichaji kwa muda mrefu zaidi kati ya picha na picha. Anajifunza kusubiri. Bomba la kioo haliguswi kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yakichomwa juu yake huacha doa. Betri hukaa mfukoni mwa koti hadi dakika ya mwisho, kwa sababu usiku wa Juni na Julai hapa baridi huzichosha. Lenzi iliyotoka nje kwenye baridi ikiingia ghafla kwenye ukumbi wenye joto la watu hushika mvuke, kwa hiyo huingizwa mapema, ndani ya begi, ikapate joto polepole.

Nje ya ukumbi Mafinga ina mtihani mwingine, ukungu. Taa iliyo karibu na kamera huangaza matone yaliyo mbele ya lenzi na kurudisha pazia jeupe lisilo na kitu ndani yake. Fundi huipeleka taa nyuma ya maharusi, mbali na lenzi, akaificha kwa miili yao. Hapo ukungu, uliokuwa adui, unafanya kazi ya ukuta: unapokea mwanga wa pande zote na kuueneza, unachora ukingo mweupe kwenye mabega na kulijaza shela. Ni hesabu ileile ya ukumbini. Hakuna dari wala kona, lakini hewa yenyewe imekuwa uso wa kuakisi, na aliyezoea kuuliza mwanga utarudi kutoka wapi ameliona jibu.

Sehemu ya ufundi ni kujua pia wapi taa hii haifai. Kanisa lenye paa refu la mbao nyeusi halirudishi mwanga, na mkupuo wa balbu tupu wakati wa kiapo unawapiga machoni hata waumini walioinama kusali. Fundi ninayemsifu huizima, hupandisha ISO, hutafuta dirisha na husimama kimya. Kwenye ubatizo, mtoto mchanga anapewa mwanga wa mlango. Taa inayofika kila mahali inahitaji mikono inayojua kujizuia.

Ninaupenda ufundi huu kwa sababu unakataa kumtenga mtu na watu wake. Picha ya balbu tupu, ikipigwa na anayejua, humweka bibi harusi ndani ya ukumbi wake, na nyuma yake wakiwepo kina mama waliokesha wakipika, vijana waliobeba viti, na dari ya mbao zilizokatwa kwenye vilima hivihivi. Miaka ikipita, familia itapitisha kidole kwa wale wa meza za nyuma na kuuliza huyu nani, yule nani, na majibu yatapatikana kwa kuwa nyuso zinaonekana.

Basi kwa kamati za harusi nina ombi moja. Huwa mnakaa vikao vingi mkipanga chakula, muziki, sare na rangi za mapazia, na mpiga picha huitwa mwisho, akiambiwa saa ya kufika na bei ya mwisho. Mwiteni kwenye kikao cha mapambo. Mpeni nafasi aone ukumbi kabla ya siku yenyewe, na mlipe muda huo kama mnavyolipa muda wa mpishi. Akisema kona fulani ibaki nyeupe, msikilizeni. Kona hiyo ndiyo itakayowaangaza wageni wenu.